Mji Mdogo na Kazi ya Mikono Yake

Miji ni kama watu. Uko mji uishio kwa kazi ya mikono yake, na uko mji uishio kwa kazi ya mikono ya miji mingine. Wa kwanza hutengeneza kitu na kukiuza. Wa pili hununua kila kitu na kuuza watoto wake. Neno hili la mwisho laweza kukushtua, msomaji, lakini sikulisema kwa kutia chumvi. Mji usio na kazi huzaa watoto, huwalea, huwasomesha, kisha huwapa nauli waende kujenga miji ya wengine. Sijui biashara yenye hasara kubwa kuliko hiyo. Kinachokwenda ni nguvu na akili. Kinachorudi ni fedha kidogo kwa njia ya simu mwisho wa mwezi, na pengine jeneza.

Mimi ni mzaliwa wa Manga, katika nchi ya Wagusii. Ikiwa hujapata kufika huko, Manga ni ukingo mrefu wa mlima katika Kaunti ya Nyamira, nao huutazama mji wa Kisii ulio chini yake. Asimamaye juu ya ukingo huo huona mapaa ya mji, na mashamba ya migomba na ya chai yaliyoungana kama viraka vya nguo. Siku ya hewa safi jicho hufika mbali, hata upande wa Ziwa la Victoria. Ni nchi ya mvua nyingi na udongo mwema. Mtu aipitaye kwa gari hudhani kwamba wenyeji wake hawana haja ya kitu.

Walakini macho ya mpita njia hayahesabu watu. Katika hesabu ya mwaka wa 2019, Kaunti ya Kisii ilikuwa na watu 1,266,860, na Kaunti ya Nyamira ilikuwa na watu 605,576. Kwa kila kilomita moja ya mraba, Kisii walikaa watu 957, na Nyamira watu 675. Wastani wa Kenya nzima ulikuwa watu 82. Soma tarakimu hizo mara ya pili, msomaji, maana ndani yake mna habari ya nyumba nyingi, na yangu ikiwamo. Babu yangu alikuwa na shamba lililomchosha kulizunguka. Aliwagawia wanawe wanne. Baba yangu alipata robo, naye akawagawia wanawe watano. Leo nikisimama mlangoni kwangu naweza kuwaamkia ndugu zangu wote bila kupaza sauti. Jambo hilo ni jema kwa udugu, lakini si jema kwa chungu cha jioni. Wanangu ni watatu. Nikiwagawia fungu langu, kila mmoja atapata mahali pa kujenga nyumba, na mahali pa kuotesha mboga za kuitazama nyumba hiyo.

Ardhi haizai ardhi. Basi watoto wa nchi ya namna hii wana njia mbili tu: ama waondoke, ama ipatikane kazi isiyodai ekari. Kazi hiyo ni ya kiwanda, ya karakana na ya ufundi, pamoja na ile ya kampuni changa zinazoanzishwa na vijana kwa elimu mpya. Watu wote wa kwetu wanakubali hivyo. Tunachotofautiana ni njia ya kuipata.

Wengi husema, "Na aitwe tajiri kutoka nje, aje ajenge." Tena wana methali ya kuwaunga mkono: mgeni njoo, mwenyeji apone. Siidharau methali hiyo, kwa kuwa wageni wamepata kuponya wenyeji mara nyingi. Lakini mji unaotegemea mgeni mmoja huumwa mgeni huyo akiumwa. Utazame mji wa Webuye, magharibi ya Kenya. Katika miaka ya 1970 palijengwa hapo kiwanda kikubwa cha karatasi karibu na mto Nzoia. Mji ukakua kandokando ya kiwanda kama mtoto mgongoni kwa mama. Wenye nyumba walipangisha kwa wafanyakazi wa kiwanda, na wenye maduka waliwauzia hao hao. Mwaka wa 2009 mitambo ilisimama. Siku hiyo hawakupoteza kazi wale wa kiwandani peke yao. Walipoteza pia muuza unga, kinyozi na mwenye nyumba. Mwaka wa 2016 kiwanda kilipata mwenyewe mpya, lakini miaka saba ni mingi kwa mtu anayesubiri mshahara. Funzo la Webuye si kwamba kiwanda kikubwa ni kibaya. Funzo lake ni kwamba nyumba ya nguzo moja haifai, hata nguzo ikiwa nene namna gani.

Sasa tuulize swali ambalo wapiga mbiu hawaliulizi: kwa nini kiwanda hukaa mahali fulani na si pengine? Kiwanda hakiendi mahali kwa kupendezwa na mandhari. Hukaa karibu na njia, au na maji, au na soko, au na mali isiyoweza kusafiri, au na watu wenye ujuzi. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na miji mingi iliyo njiani ikapata faida. Nchi ya Wagusii ilibaki pembeni, na hata leo hakuna garimoshi linalopanda milima yetu. Ikiwa reli ndiyo pekee iletayo viwanda, sisi tungalikuwa hatuna hata kimoja.

Lakini tunavyo, na sababu yake ni jani la chai. Mpango wa kilimo wa mwaka wa 1954 uliwafungulia wakulima wadogo Waafrika njia ya mazao ya kuuza, na shirika la kustawisha chai ya wakulima wadogo likaanzishwa mwaka wa 1964. Sasa jani la chai lina tabia moja ya ajabu: halisubiri. Likichumwa asubuhi, lataka kufika kiwandani siku ile ile linyaushwe, likatwe, liachwe libadilike rangi, likaushwe na kuchambuliwa. Likikawia, huharibika. Kwa hiyo kiwanda kililazimika kulifuata jani, na ndiyo maana leo nchi yetu ina viwanda kama Nyankoba, Kebirigo, Tombe na Sanganyi. Hapana mtu aliyekipigia kiwanda magoti. Jani lenyewe ndilo lililoamuru.

Hata hivyo, angalia mahali ambapo amri ya jani ilikoma. Chai ikisha kukauka huweza kungoja, nayo ikiweza kungoja huweza kusafiri. Hutiwa katika magunia, hupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, ulioanza Nairobi mwaka wa 1956 na kuhamishiwa pwani mwaka wa 1969, na kutoka hapo nyingi huvuka bahari ikiwa bado haina jina. Kuichanganya, kuitia katika vipakiti na kuipa jina hufanywa zaidi ng'ambo. Kazi ya kwanza ilibaki kwetu kwa sababu haikuweza kuondoka. Kazi ya pili iliondoka kwa sababu hatukuwa na kitu cha kuizuia. Hapo ndipo ilipo siri ya jambo hili. Maumbile yanaweza kuupa mji kazi ya kwanza, lakini kazi ya pili hushikwa na ujuzi na mwenendo wa watu.

Kwamba ujuzi waweza kushika kazi, mfano tunao karibu. Huko Tabaka, kusini-magharibi ya mji wa Kisii, huchimbwa jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni. Wanaume huchimba kwa sururu na majembe, wachongaji hukata kwa panga na visu, na wanawake husugua kwa msasa na maji mpaka jiwe lipate uso wa yai. Jiwe ni la mlima, lakini jicho linaloona kiboko ndani ya bonge la jiwe ni la mtu. Kutoka katika nchi hiyo alitokea Elkana Ong'esa, mchongaji ambaye sanamu yake ya ndege imewekwa katika makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Jiwe laini lipo katika nchi nyingi. Watu hununua la kwetu kwa sababu ya mikono iliyolipitia.

Tukitoka katika mipaka yetu tutaona jambo lilo hilo. Wewe msomaji pengine umevaa viatu vya Bata sasa hivi, navyo huenda vilishonwa Limuru. Lakini jina la Bata lilitoka mbali, katika mji mdogo wa Zlín, ambao leo umo katika Jamhuri ya Cheki. Mwaka wa 1894 ndugu watatu, Tomáš, Antonín na Anna, wa ukoo wa washona viatu, walianzisha karakana katika mji huo. Hakuja tajiri kutoka mji mkuu kuwajengea. Walikuwa mafundi wa pale pale. Kazi yao ilikua, na mji ukakua pamoja nao, hata jina lao likafika Afrika. Kila mji unaotamani kiwanda kikubwa ungefanya vyema kukumbuka kwamba kiwanda kikubwa kilipata kuwa kibanda, na kibanda hicho kilikuwa cha mwenyeji wa mahali fulani.

Tena zama zetu zimepunguza baadhi ya vikwazo vya zamani. Mwaka wa 2007 huduma ya M-Pesa ilianza, na mtu wa Manga akaweza kulipwa na mtu wa Mombasa bila kupanda basi. Mwaka wa 2009 nyaya za intaneti zilizolazwa chini ya bahari zilifika pwani ya Kenya, na kutoka hapo mawasiliano ya kasi yakasambaa bara. Reli ilitupita, lakini nyaya hazikutupita. Mwandishi wa programu za kompyuta hahitaji garimoshi la kubebea kazi yake. Wala si kazi za kompyuta peke yake. Mjini Nyeri, katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kampuni iitwayo Semiconductor Technologies Limited ilianzisha kazi ya kutengeneza vipande vya elektroniki vidogo kuliko ukucha. Huko Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex mwaka wa 2007, na mwaka wa 2019 kikafunguliwa upya kikiwa na mitambo mipya. Nasi tuna chuo chetu: Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza kama chuo cha walimu mwaka wa 1965 na kupewa hati yake mwaka wa 2013. Basi yamkini utauliza: ikiwa njia zimefunguka hivi, kwa nini vijana bado wanaondoka?

Jibu sikulipata katika hotuba. Nililipata kwa binti wa jirani yangu. Jina lake sitalitaja, maana mambo yake ni yake. Alisomea sayansi ya vyakula, akarudi nyumbani, akatazama migomba. Nchi yetu hutoa ndizi nyingi. Msimu wake ukifika malori huja mpaka kando ya shamba, na mwenye lori ndiye atajaye bei. Binti huyu akafikiri kwamba ndizi mbichi ni kama jani la chai: haisubiri. Lakini ikigeuzwa unga, husubiri. Akakopa katika chama cha akina mama, akanunua mashine ndogo ya kusaga. Ndizi zilimenywa, zikakatwa vipande vyembamba, zikatiwa katika maji ya ndimu zisigeuke nyeusi, zikakaushwa, zikasagwa. Alikuwa na wanawake sita wa kumenya na kukata. Nilionja uji wa unga ule, ulikuwa mzuri.

Sikiliza basi mambo yaliyompata. Adui wa kwanza alikuwa mvua ya alasiri, ambayo kwetu hunyesha karibu kila siku katika miezi mingi. Huyo alimshinda, kwa kujenga banda la nailoni nyeupe lililopitisha jua na kuzuia maji. Adui wa pili alikuwa umeme. Ulikatika bila taarifa, pengine siku mbili, na ndizi zilizokwisha kumenywa zikaharibika. Wa tatu ilikuwa mifuko. Watengenezaji wa mifuko walikuwa mbali, wala hawakukubali kuuza kidogo. Aliyetaka mia alilazimishwa kununua maelfu. Wa nne ilikuwa alama ya ubora. Hakuichukia, maana alijua kwamba chakula kisichopimwa ni hatari. Lakini kila kipimo kilidai safari, na kila safari ilidai siku ya kazi. Wa tano ndiye aliyemwangusha. Duka moja kubwa lilichukua unga wake kwa ahadi ya kulipa baada ya mwezi, likalipa baada ya miezi mitano. Shule moja ya bweni ilichukua magunia na kulipa nusu. Yeye hakuweza kuwaambia wale wanawake sita wangoje miezi mitano, kwa kuwa watoto wao hawakuweza kungoja jioni moja.

Mwaka wa nne alihamisha mashine yake karibu na Nairobi. Anaendelea vizuri, nami namfurahia. Wanawake sita walirudi kwenye mashamba yasiyowatosha. Kiwanda cha mgeni kikifungwa, magazeti huandika na waheshimiwa huomboleza. Kiwanda cha binti huyu kilipoondoka juu ya kitoroli cha pikipiki, hakuna aliyepiga hata mluzi. Katika mwaka ule ule nilihudhuria mkutano wa kuzungumza juu ya kuwavuta wawekezaji. Wasemaji walikuwa wengi, nao waliuliza, "Atakuja nani?" Sikumsikia hata mmoja akiuliza, "Ameondoka nani, na kwa nini?"

Msomaji, neno langu lote ni hili: mji hauvuti kazi kwa kuiita, huivuta kwa namna unavyowatendea walioianza. Mgeni mwenye fedha si mjinga. Kabla ya kuweka mali yake hutazama jinsi mwenyeji anavyoishi. Akimwona fundi wa mjini analipwa kwa wakati, umeme wake hauzimiki ovyo, na kibali chake hupatikana bila kitu kidogo chini ya meza, husema moyoni, "Hapa panafaa." Akimwona fundi analia, hunywa soda yake, huwapa wenyeji mkono, akaenda zake. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Nami naongeza kwamba mwenye msala hukagua kwanza jinsi ulivyoutunza mbacha.

Serikali haikukosa kujaribu. Mwaka wa 2009 ulianzishwa mpango wa kuchangamsha uchumi, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kujenga vibanda vya mafundi wa jua kali katika majimbo ya uchaguzi. Baadhi ya vibanda vilisimama miaka mingi bila fundi ndani yake. Mwaka wa 2023 ukaanza mpango wa maeneo ya viwanda katika kaunti, kila moja kwa makisio ya shilingi milioni 500, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Nauombea mpango huo heri. Lakini jengo ni ganda la yai. Ganda lisilo na kiini halianguliwi kitu, hata likilaliwa na kuku mwenye subira.

Kiini chenyewe si siri, wala si ghali kama jengo. La kwanza ni kulipana kwa wakati. Kaunti, shule, hospitali na maduka yakimlipa mwenyeji kwa siku iliyoahidiwa, huwa yamempa mkopo usio na riba. La pili ni umeme wa kutegemewa na barabara inayopitika wakati wa mvua. Mtengenezaji mdogo hana jenereta. La tatu ni kununua cha kwetu kwanza, kikiwa kizuri. Dawati la shule lililoundwa mjini huacha fedha mjini. La nne ni kuvikutanisha vyuo na karakana, ili mwanafunzi wa sayansi amjue fundi wa kuchomelea vyuma, na fundi ajue vipimo vya mwanafunzi. La tano ni kununua pamoja: wenye viwanda vidogo kumi wakiagiza mifuko kwa umoja, yule muuzaji wa maelfu huwasikiliza.

Wako watakaosema kwamba haya ni madogo mno, na kwamba unga wa ndizi na sanamu za mawe haviwezi kuwalisha watu wanaokaribia milioni mbili. Hoja hiyo ni ya haki, na sistahili kuipuuza. Viwanda vidogo peke yake havitatosha, na kiwanda kikubwa kikija mlango na ufunguliwe. Lakini miji mingine huwavuta wakubwa kwa kuwasamehe kodi na kuwapa ardhi ya bure. Aliyekuja kwa ajili ya msamaha ataondoka siku mji mwingine utakapomsamehe zaidi. Aliyekuja kwa ajili ya mafundi hodari, umeme thabiti na watu waaminifu hawezi kuondoka kwa wepesi, kwa sababu vitu hivyo havipakiwi katika lori.

Na wewe, mwanafunzi, una fungu lako katika jambo hili, wala si la kungoja mpaka uwe mkubwa. Umefundishwa kuyaheshimu meza na tai, na mimi sikukatazi. Lakini usimcheke mtu mwenye masizi mikononi, maana huyo ndiye anayebakiza fedha katika mji wako. Jifunze hesabu mpaka uweze kujua gharama ya kitu kabla ya kukiuza. Jifunze sayansi mpaka uweze kusema kwa nini ndizi hugeuka nyeusi na jinsi ya kuizuia. Ukiahidi kulipa Ijumaa, lipa Ijumaa, hata kama ni shilingi kumi za mandazi. Deni dogo lisilolipwa ndilo mwalimu wa deni kubwa, na mji wa watu wasiolipana hautajengwa na mtu yeyote, awe mgeni au mwenyeji. Kabla hujauliza ni nani atakuja kutuletea kazi, zunguka mji wako siku moja, uhesabu walioianza tayari. Wajue kazi zao, ununue kwao, na ujue ni kitu gani kinachowazuia. Siku utakapokuwa na kalamu ya kutia sahihi hundi, au kura, au kibali, usiwasahau.